Umeitwa mahojiano ya kazi Jumatatu? Usiifiche ile kazi ya mtaani

SIMU imelia saa nane mchana na umeusoma ujumbe mara tatu. Umeteuliwa kwa mahojiano ya nafasi ya karani wa huduma kwa wateja katika sacco moja, Jumatatu, saa mbili unusu asubuhi, Upper Hill, Nairobi. Uje na stakabadhi halisi. Leo ni Jumatano, na wewe uko Kitale.

Furaha ya kwanza ikipita, hesabu zinaanza. Nauli ya kwenda na kurudi. Utalala kwa nani. Shati. Viatu. Mama ashasema atachukua kitu kidogo kwenye chama, na unajua hicho kitu kidogo kitarudishwa na riba. Kwa hivyo hiyo siku moja si mchezo. Kuna pesa za watu ndani yake.

Ndiyo maana inauma kuona vile vijana wengi hutumia siku zinazobaki. Wanaazima tai, wananakili majibu mtandaoni, wanayakariri usiku kucha, kisha wanaingia ndani na kusema kile kile alichosema aliyetoka. “Mimi ni mchapakazi, ninajituma, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa.” Wanaohoji wamesikia maneno hayo tangu asubuhi hadi wamechoka kuyaandika.

Na kile kitu ambacho wewe unacho na wengine hawana, umekiacha nyumbani kwa sababu unakionea haya: ile miaka miwili uliyokaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi ukingojea “kazi ya maana”.

Huenda kwako si M-Pesa. Huenda ni bodaboda, mitumba, kuku, au kufunza watoto wa jirani hesabu jioni. Hayo ndiyo utakayoyabeba Jumatatu. Una siku tano za kuyaandaa. Tuzitumie hivi.

Jumatano: Hakikisha mwaliko ni wa kweli

Kabla hujamruhusu mama aguse pesa za chama, piga simu. Usipigie nambari iliyokutumia ujumbe. Tafuta nambari ya ofisi yenyewe kwenye tovuti yao au kwa mtu aliye mwanachama, kisha uulize kama kweli kuna mahojiano siku hiyo. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, ambayo hutangaza orodha ya zile zilizo na leseni. Ikiwa umeitwa na wakala wa kutafutia watu ajira, anafaa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mtu akikuambia utume “pesa kidogo ya kushughulikia faili”, au ya sare, au ya kupimwa hospitalini, kabla hata hujahojiwa, huyo ni mwizi. Kata simu. Vilevile mahojiano yakihamishwa ghafla hadi chumba cha hoteli jioni, usiende, hata ukiambiwa bosi ana shughuli nyingi.

Ukishahakikisha, jibu ujumbe siku hiyo hiyo. Andika jina lako kamili, nafasi unayoiwania, na kwamba utafika siku na saa uliyopewa. Mistari miwili inatosha. Usiandike “sawa bana ntacome”.

Kisha toa ile bahasha ya karatasi chini ya godoro. Panga kitambulisho, vyeti vya shule na chuo, na CV ile ile uliyotuma, si nyingine mpya yenye tarehe tofauti. Toa nakala pale Kitale Jumamosi haijafika. Saiba za Nairobi asubuhi ya Jumatatu zina foleni na stima hupotea. Kazi za serikali mara nyingi huitisha pia cheti cha maadili mema kutoka DCI, na vyeti vya KRA, HELB, EACC na vya historia ya mikopo. Mwajiri anayeshika pesa za watu naye anaweza kuvitaka baadhi. Lakini usikimbie kulipia vyote. Soma ujumbe wako unasema nini. Kama umeomba cheti na hakijatoka, beba risiti ya maombi.

Alhamisi: Ijue kazi kabla haijakujua

Tafuta lile tangazo la kazi ulilojibu na ulisome neno kwa neno, kalamu mkononi. Likisema “kushughulikia malalamishi ya wanachama”, pigia mstari. Likisema “kuweka rekodi”, pigia mstari. Kila mstari ni swali ambalo huenda likaulizwa, na kila swali linafaa kupata jambo ulilowahi kulifanya.

Halafu jifunze jinsi mahali hapo panavyofanya kazi. Sacco si benki. Wateja wake ndio wenyewe. Wanaweka akiba, wanakopa kwa kutegemea akiba hiyo na wadhamini, na mwaka ukiisha wanagawiwa faida. Mtu akiacha kulipa mkopo, wadhamini wake ndio hukatwa. Sasa fikiria ukikaa kwenye dirisha la huduma: ni nani atakujia akiwa amekasirika kuliko wote? Si yule anayetaka taarifa ya akaunti. Ni mwalimu aliyegundua kwamba akiba yake imeguswa kwa deni la rafiki aliyemwekea sahihi miaka mitatu iliyopita.

Haya huyapati kwenye tovuti. Nenda kwa jirani aliye mwanachama wa sacco yoyote, huenda ni mwalimu wako wa zamani, umwambie: “Mwalimu, shikamoo. Nimeitwa kuhojiwa. Hebu niambie, ni kitu gani hukukera ukienda sacco?” Kaa kimya umsikize. Atakupa nusu saa ya elimu ambayo wale wanaokariri majibu ya mtandaoni hawana. Ukiweza, pita kwenye tawi lolote la sacco mjini, uone watu wanauliza nini na wanajibiwaje.

Kama kazi yako ni ya hoteli, shule, stoo au hospitali, mbinu ni ile ile. Mtafute anayehudumiwa na mahali kama hapo, uulize kinachomuumiza.

Ijumaa: Andika visa vyako vitatu

Hii ndiyo siku kubwa. Chukua daftari.

Swali moja ni karibu lazima likujie: “Umekuwa ukifanya nini tangu umalize chuo?” Na jibu ambalo wengi hutoa, macho yakiangalia meza, ni hili: “Nilikuwa nyumbani tu.”

Nyumbani tu! Ulikuwa ukifungua kibanda saa moja asubuhi. Ulikuwa ukilinda pesa za mtu mwingine. Ulikuwa ukiangalia kitambulisho cha kila anayetoa pesa, hata akiwa jirani na ananuna. Ulikuwa ukigawa mtaji kati ya pesa taslimu na zile za kwenye simu, ukijua kwamba Ijumaa na mwisho wa mwezi watu hutoa, na shule zikifunguliwa watu hutuma. Ulikuwa ukimtuliza mama aliyetuma karo kwa nambari isiyo yake. Ukisema “nyumbani tu” umefuta hayo yote kwa maneno mawili, kisha unashangaa kwa nini hawakuona uzoefu wowote kwako.

Andika visa vitatu vya kweli. Kila kimoja kiwe na sehemu nne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, na ikawaje. Kwa mfano:

“Nilisimamia duka la M-Pesa la shangazi yangu Kitale kwa miaka miwili. Miezi ya kwanza pesa zilikuwa zikipungua jioni na hatukujua ni kwa nini. Nikaanza kufunga hesabu mara mbili kwa siku, saa saba na jioni, na kuandika kila muamala daftarini kabla ya kumpa mteja pesa. Upungufu ukaisha. Siku moja tu baada ya hapo ndipo tulikosa shilingi 200, na tuliweza kuonyesha ni muamala upi.”

Soma tena hayo. Hakuna neno “mchapakazi” ndani yake, wala “mwaminifu”, lakini anayesikiza amelisikia lote. Hizo shilingi 200 ndizo zinazomfanya aamini. Mtu anayedanganya huwa hana deni dogo kama hilo.

Kisa cha pili kiwe cha mtu mgumu: mteja mlevi, abiria aliyekataa kulipa, mzazi aliyedai mtoto wake hafunzwi. Cha tatu kiwe cha kosa lako mwenyewe na jinsi ulivyolirekebisha. Ukiulizwa udhaifu wako, hiki ndicho utakachotoa, badala ya ule utani wa kale kwamba udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi.

Hujawahi kuuza chochote? Fikiria tena. Nani alikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi ya babu? Nani aliandika majina na pesa za mchango wa kanisa au msikiti? Kuandika michango ya watu 80 bila shilingi kupotea, huku kila mtu akiwa na haraka na huzuni, ni kazi.

Ila usiipake rangi. Usijiite “meneja wa fedha” kwa sababu ulishika kibeti cha shangazi. Sema duka lilikuwa dogo. Ni heri wafurahishwe na ukweli mdogo kuliko waupasue uongo mkubwa kwa swali moja tu. Na shangazi asiwe shahidi wako wa pekee. Omba pia mtu asiye wa ukoo, kwa mfano mwenye duka la jumla mliyefanya biashara naye, na umwambie mapema kwamba huenda akapigiwa simu.

Jumamosi: Sema kwa sauti

Kisa kilicho daftarini bado si jibu. Lazima kipite mdomoni.

Mahojiano mengi ya ofisini nchini mwetu hufanywa kwa Kiingereza, na wewe kisa chako kilitokea kwa Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani. Hapo ndipo watu wazuri hukwama: jambo wanalijua, maneno hayaji. Kwa hivyo simulia visa vyako kwa Kiingereza cha kawaida, sentensi fupi fupi, mbele ya dadako au rafiki. Usitafute maneno makubwa. Kisha visimulie tena kwa Kiswahili kizuri, kwa sababu kazi ya kuhudumia watu huenda wakakugeuzia lugha ghafla waone utaongeaje na mzee aliyetoka kijijini.

Jirekodi kwenye simu. Utajichukia kidogo ukisikiza, lakini utagundua unasema “si unajua” kila baada ya sekunde tano. Kila kisa kisizidi dakika mbili. Usikariri maneno, kariri hatua zake nne, maneno yatakuja.

Andaa pia jibu la mshahara. Wakikuuliza unataka kulipwa kiasi gani, usiseme “chochote”, wala usitaje tu kiasi ulichosikia mtaani. Ulizia wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwaje, kisha ufanye hesabu ya makato. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa Sh30,000 ulikatwa Sh1,800 za NSSF, Sh825 za bima ya afya ya SHA, ambazo ni asilimia 2.75, na Sh450 za nyumba za bei nafuu, ambazo ni asilimia 1.5. Ukiongeza ushuru wa mapato wa takriban Sh730, unabaki na kama Sh26,200. Ondoa kodi ya nyumba na nauli ya Nairobi. Sasa unajua kiwango ambacho ukishuka chini yake utakuwa unaishi kwa mkopo.

Jumapili: Safiri mchana kama unaweza

Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Ukipanda gari la usiku ufike alfajiri na kuingia moja kwa moja, utakuwa unapigana na usingizi mbele ya watu watatu wenye kalamu. Kama nauli au malazi hayaruhusu jingine, basi angalau fika mapema unawe uso, upige mswaki na kubadilisha shati.

Ukiwa na pa kulala, usiende mikono mitupu. Hata kilo mbili za sukari zinatosha. Na muulize mwenyeji wako kuhusu njia, si kilomita. Kutoka Kayole, Rongai au Githurai hadi Upper Hill asubuhi ya Jumatatu kunaweza kuchukua saa mbili, mvua ikinyesha hata zaidi, na nauli nayo hupanda. Ukipata nafasi Jumapili jioni, nenda ulione jengo lenyewe.

Nguo? Mitumba safi iliyopigwa pasi inatosha. Shati likikubana, fundi wa mtaani atalirekebisha kwa bei ya chai na mandazi. Vaa raba au ndara kwenye matatu, viatu vizuri uvibebe kwenye mfuko. Matope ya stejini hayajui una mahojiano.

Jumatatu: Mlango, benchi, chumba

Fika saa mbili kasorobo. Langoni mlinzi huenda akaitisha kitambulisho na kukishikilia hadi utoke. Wengi hufika juu wakaulizwa kitambulisho halisi, wakaanza kubabaika. Kama una leseni ya kuendesha au kadi ya chuo, muulize mlinzi kwa heshima kama unaweza kuacha hiyo. Msalimie vizuri. Mlinzi na wa mapokezi huulizwa maoni yao kuliko unavyofikiri.

Kwenye benchi hapakosi mtu wa kunong'ona: “Hii nafasi ishapewa mtu. Tumeitwa tu kujaza rejista.” Tusidanganyane, kujuana kupo Kenya hii, na kuna siku utafanya vyema na bado ukose kwa sababu ya jina la mtu. Lakini yule wa benchi hajui kama leo ndiyo siku hiyo. Ukiingia ukiwa umeshaamini umeshindwa, utajibu kama aliyeshindwa, na hutawahi kujua kama alisema kweli.

Zima simu kabisa, kwa sababu mama atapiga. Ukiingia, salimia wote, ngoja uonyeshwe kiti. Usiposikia swali, sema: “Samahani, naomba urudie.” Usipojua jibu, sema hujui na utalitafutaje. Wakikupa yule mwalimu aliyekatwa akiba yake, usikimbilie kanuni. Anza kwa kumsikiza, mweleze kilichotokea na mkopo ule, kisha umwambie ni hatua gani iliyobaki. Uliyajua haya tangu Alhamisi.

Kuna maswali mengine yasiyo haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa misingi kama jinsia, asili ya kikabila, dini, ulemavu, ujauzito au hali ya HIV. Ukiulizwa unapanga kuzaa lini, hulazimiki kugombana, unaweza kusema: “Nimeisoma kazi hii na niko tayari kuifanya kwa saa mlizotangaza.” Baadaye andika swali lilivyokuwa na nani aliuliza.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Kuwa nalo. “Mtu mliyempa kazi hii akifanya vyema miezi mitatu ya kwanza, mtajuaje?” Hilo linatosha. Shukuru, chukua karatasi zako zote, toka. Na usisahau kitambulisho langoni.

Ukiwa garini kurudi

Kabla hamjafika Nakuru, toa daftari. Andika kila swali uliloulizwa, na uweke alama pale ulipokwama. Jioni watumie ujumbe mfupi wa shukrani. Wakikuambia watakujulisha baada ya wiki mbili, ngoja wiki mbili, kisha uulize mara moja kwa adabu.

Mama atakuuliza ilikuwaje. Usimwambie “sijui, ilikuwa tu sawa”. Pesa za chama zilikuwa zake, kwa hivyo mweleze yote: walikuuliza nini, ulijibu nini, ulipokwama ni wapi. Mweleze kwamba uliwaambia kuhusu kibanda cha shangazi, na kwamba mmoja wao aliacha kuangalia saa akaanza kuandika.

Na kesho asubuhi, kazi iwe imepatikana au la, kibanda kifunguliwe saa moja. Bado unakusanya visa.